Zambarau ya kwenye picha na pagola ya Tororo

Swali la msomaji: "Mimi ni mstaafu wa reli, naishi nje kidogo ya mji wa Tororo. Mwaka juzi fundi alinijengea pagola (fremu ya nguzo na mbao za juu, ya kutambazia mimea) mbele ya baraza, upande wa magharibi wa nyumba. Ina nguzo 6 za mkaratusi zilizotiwa dawa, kimo futi 7, eneo futi 10 kwa 16. Udongo wetu ni wa mchanga, na ukichimba kidogo unakutana na kokoto nyekundu. Mjukuu wangu aliye Uingereza alinitumia picha ya maua ya zambarau yanayoning'inia kama vishada vya zabibu. Anasema yanaitwa wisteria, na kwamba huko ni mmea mgumu, haufi. Alipokuja likizo akaniletea mbegu. Ziliota 3, miche 2 ikafa Januari, na huu wa tatu umedumaa tu. Mke wangu ni mzaliwa wa Mombasa, yeye hataki kusikia kingine isipokuwa asmini. Muuza miche wa barabarani ananishauri ninunue bugenvilea 6, mmoja kwa kila nguzo. Tuna mbuzi, na wajukuu wadogo wanashinda hapo. Nipande nini?"

Shikamoo mzee, na mama wa Mombasa nisalimie sana.

Nitangulize jibu, maelezo yafuate. Mche wa wisteria achana nao. Juu ya pagola panda mimea 2, si 6: petrea kwenye kona moja ya upande wa magharibi, na kwenye kona inayoikabili kimshazari panda Combretum indicum, ambayo wauza miche wengi bado wanaiita Quisqualis. Bugenvilea nunua mmoja tu, ukaupande kwenye uzio karibu na lango. Asmini ya mama isipande juu kabisa. Iwe chini, kando ya kiti chake.

Sasa tuzungumze. Mjukuu wako hakukudanganya, ila neno "mgumu" lina kwao. Uingereza mmea ukiitwa mgumu, maana yake unavumilia barafu. Vitabu vyao vya bustani huipanga mimea kwa kiasi cha baridi inachoweza kuhimili bila kufa. Wewe uko Tororo, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, chini ya nyuzi 1 kaskazini ya ikweta. Barafu unaijua ya kwenye friji. Adui wako ni jua la Desemba hadi Februari, mchwa, mbuzi, mvua ya mawe ya siku moja moja, na dhoruba ya alasiri inayolowesha majani mpaka mbao zikalia. Mmea unaweza kustahimili theluji ya miezi 4 na ukafa kwako wiki ya pili ya Januari, kama ulivyojionea.

Wisteria ina tatizo jingine la ndani zaidi. Zile zinazopandwa sana bustanini asili yake ni Uchina na Japani. Vichomozo vya maua hujiunda majira ya joto, mmea unapukutisha majani, unalala wakati wa baridi, kisha joto la masika ya huko likirudi ndipo yale maua yanaposhuka kabla majani hayajajaa. Baridi ndiyo saa yake. Kwako hakuna kitu kinachouambia ulale, kwa hiyo haujui uamke lini. Ongeza na hili: hata huko kwao, wisteria iliyooteshwa kwa mbegu yaweza kumaliza miaka 10 na zaidi kabla ya kutoa ua la kwanza. Wanaotaka maua haraka hununua miche iliyobebeshwa, yaani tawi la mmea mmoja limeunganishwa juu ya shina la mwingine. Na mbegu zikibaki ndani ya nyumba, zitupe chooni leo hii, maana ni sumu, na mtoto huziona kama maharagwe.

Kuna jambo moja la kujifunza kwa wisteria kabla hatujaiaga. Katika mji wa Sierra Madre, California, kuna mmoja uliopandwa mwaka 1894, na sasa umetanda zaidi ya ekari moja. Ulianza kwenye baraza ya nyumba ya watu, kama yako, na nyumba ile ya mwanzo haipo tena, mmea uliielemea. Watu wanapochagua mmea wa kutambaa huangalia ua, na ua ndilo jambo la mwisho la kuangalia. Cha kwanza ni uzito, na namna mmea unavyopanda.

Iko mimea inayojiviringisha yenyewe kwenye nguzo, kama viazi vikuu. Petrea ni wa kundi hilo. Iko inayotoa vikono vidogo na kushika waya, kama pasheni na maboga. Iko inayobandika vijimizizi ukutani na kung'oa plasta yako. Halafu iko isiyopanda kitu chochote; ni kichaka chenye matawi marefu na miiba, kinachojiegemeza tu kwa jirani. Bugenvilea ndiyo huyo. Usipoifunga kwenye nguzo itakaa chini kama mlevi, na ukiifunga vibaya itakukwaruza usoni kila ukipita. Muuza miche anayekuambia "panda tu, itajipandisha yenyewe" hajawahi kuwa na pagola.

Nizungumzie petrea kidogo zaidi, kwa sababu ndiyo jibu la picha ya mjukuu. Jina lake la kitaalamu ni Petrea volubilis, asili yake Meksiko na nchi za Amerika ya Kati, na mtu akiona vishada vyake kwa mbali huapa kwamba ni wisteria. Ukisogea karibu unaona kuna maua mawili katika moja. Nje kuna nyota ya ncha 5, zambarau iliyopauka; katikati ya nyota kuna ua dogo la zambarau iliyoiva, karibu na rangi ya biringanya. Lile dogo huanguka baada ya siku chache, lakini nyota hubaki kwenye kishada kwa wiki kadhaa ikififia polepole kuelekea kijivu. Huchanua kwa vipindi, mara kadhaa kwa mwaka, na kipindi kizuri kuliko vyote mara nyingi hufuata ukavu. Kwa hiyo ile miezi iliyoua wisteria yako ndiyo inayoikumbusha petrea kazi yake.

Kuitambua ni rahisi, na uitambue wewe mwenyewe, usitegemee kibao kilichoandikwa kwa kalamu. Pitisha kidole juu ya jani. Jani la petrea linakwaruza kama msasa wa seremala. Lisipokwaruza hivyo, umeuziwa kitu kingine, na huenda hicho kitu kingine ni Thunbergia grandiflora, ambayo nitaisema hapo chini kwa uchungu wangu mwenyewe.

Kasoro ya petrea ni uvivu wa mwanzo. Mwaka wa kwanza hutaona kitu cha kumwonyesha mgeni. Mwaka wa pili inapanda nguzo. Mwaka wa tatu ndipo inaanza kukulipa, na ikishashika haina haraka ya kufa. Shina lake linakuwa mti hasa. Vipandikizi vyake vya kukata na kuchomeka ardhini mara nyingi vinagoma, ndiyo maana miche yake ni michache sokoni. Ukiona jirani anayo, mwombe akuoteshee tawi kwa kulifukia: tawi refu la chini linainamishwa, linakwanguliwa gome kidogo upande wa chini, linafukiwa udongo na kuwekewa jiwe. Baada ya miezi kadhaa limeota mizizi yake, unalikata unaondoka nalo.

Miaka hiyo ya kusubiri usikae na mbao tupu. Panda dodoki. Ndiyo, dodoki hili hili la kuogea. Ndani ya miezi 3 hivi linafunika, linatoa maua ya manjano makubwa, nyuki wanakuja, na mwisho wa msimu mama ana madodoki ya mwaka mzima. Lipande kwenye nguzo ya katikati, mbali na petrea, lisije likaifunika. Pasheni nayo yafaa kwa kazi hiyo. Chagua ya manjano au ile ya zambarau iliyobebeshwa juu ya shina la manjano, kwa sababu shina la manjano linavumilia zaidi ugonjwa wa mnyauko wa mizizini. Kwetu Uganda pasheni nyingi huchoka baada ya miaka michache kwa sababu ya virusi, matunda yakawa magumu kama mbao. Watu hulalamika. Kwako itakuwa faida, maana itakapochoka petrea itakuwa imefika.

Sasa Combretum indicum. Huu ni mmea wa Asia ya kusini, na umezoea joto. Jina lile la zamani, Quisqualis, ni Kilatini, yaani "nani? wa namna gani?" Aliyeupa alikuwa na haki ya kushangaa. Ua hufunguka jioni likiwa jeupe, likinukia, na usiku nondo wakubwa wenye mrija mrefu ndio wanaolitembelea. Kesho yake limekuwa la waridi. Keshokutwa ni jekundu, na sasa wageni ni nyuki na ndege. Kishada kimoja kinakuwa na rangi zote 3 kwa pamoja, kwa hiyo asiyejua hudhani umebebesha miti mitatu. Mzee unasema pagola iko mbele ya baraza. Bila shaka mnakaa hapo jioni. Basi mmea unaonukia jioni ndio wenu. Ua linalonukia saa 5 asubuhi mmeenda shambani litamnukia nani?

Ubaya wake: unachipua kutoka mizizini. Kila baada ya mvua utaona vichipukizi nusu mita au mita moja kutoka kwenye shina. Ving'oe vikiwa vidogo, kwa mkono. Pia vikonyo vya majani yaliyoanguka hukauka na kubaki kama miiba butu kwenye shina. Hiyo ndiyo inayousaidia kupanda, lakini vaa glavu unapopogoa.

Na kwa nini siitaki bugenvilea juu ya pagola yako, wakati ndiyo shujaa wa ukavu Uganda nzima? Si kwamba nina kinyongo nayo. Ukipita Soroti mwezi wa Februari, kila kitu kahawia, utaona ua moja tu linacheka, na ni hilo. Inataka jua la saa 6 kwa siku na hapendi mtu aihurumie. Ukiimwagilia kila siku na kuijazia mbolea ya kuku unapata majani ya kulisha ng'ombe na hakuna ua. Lakini pagola yako ina kimo cha futi 7. Ukitoa mbao za juu, na tawi lililolegea baada ya mvua, miiba inakuwa sawasawa na macho ya mtu mrefu. Wajukuu wanakimbia pekupeku, na miiba iliyopogolewa haiozi upesi. Rangi unayoiona si petali hata kidogo, ni majani yaliyobadilika yanayozunguka ua dogo jeupe, na yanapokauka yanapeperuka kama karatasi za shule siku ya kufunga muhula. Mama atafagia mara 2 kwa siku. Kwenye uzio, sifa zake zote zinabaki na kasoro zake zote zinageuka kuwa ulinzi.

(Nikutajie hadithi ya jina, kwa kuwa wewe ni mtu wa safari. Linatokana na Louis-Antoine de Bougainville, nahodha Mfaransa aliyezunguka dunia kati ya 1766 na 1769. Aliyekusanya mmea huo Rio de Janeiro ni mtaalamu wake wa mimea, Philibert Commerson, na msaidizi wake aliyekuwa akibeba mizigo ya vielelezo milimani, wakimwita kijana wa kiume, alikuja kujulikana kuwa ni mwanamke, Jeanne Baret. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia kwa meli. Ua likaitwa kwa jina la nahodha.)

Ama Thunbergia grandiflora. Hii ina maua makubwa ya buluu ya mbinguni, mazuri kweli, na inakua kama habari mbaya. Miaka mingi nyuma nilimpandia mteja mmoja upande wa Mukono, mche mmoja, nikajisifu. Baada ya misimu miwili ilikuwa imeingia kwenye mfereji wa paa, ikainua bati, ikavuka hadi kwenye mwembe na kuufunika mpaka ukaacha kuzaa. Tuliikata. Ikarudi, kwa sababu chini ina mizizi minene kama mihogo inayohifadhi chakula. Tukachimba. Ikarudi tena. Mwembe wenyewe haukupona. Australia wameiweka kwenye magugu ya kupigwa vita, na mimi nawaelewa. Ukitaka ukoo huo, iko ndogo ya hapa hapa kwetu, Thunbergia alata, ile ya maua ya rangi ya chungwa yenye jicho jeusi katikati, inayojiotea kando ya njia. Hiyo ni ya adabu zaidi, inachanua miezi michache tu baada ya kuipanda mbegu, na hakuna wa kukudai pesa.

Vilevile jihadhari na ushauri wa "kachukue ule wa zambarau porini." Mtambao wa porini wenye vishada vya zambarau iliyokolea waweza kuwa upupu. Sitaeleza zaidi; mzee unaujua upupu. Na kwa sababu ya wajukuu, usikubali alamanda ya manjano hapo wanapochezea, maana utomvu wake mweupe unawasha ngozi na kuharisha ukimezwa, wala Gloriosa superba, ile ya petali nyekundu na manjano zilizopinda juu kama ndimi za moto. Mizizi ya Gloriosa inafanana na kiazi, na inaua.

Wasomaji wengine watauliza mbona nasema Tororo tu. Kwa walio Entebbe, Kampala na Jinja, ambako ziwa linaleta unyevu karibu mwaka mzima, ningebadilisha. Hapo Thunbergia mysorensis ya kusini mwa India ndiyo malkia wa pagola: inashusha mikufu ya maua ya manjano na damu ya mzee, urefu wa mkono mzima, na ndege chozi wanaipigania asubuhi hadi jioni. Tororo ingekufa kiu Januari. Mwenye baraza isiyopata jua la kutosha atafute Clerodendrum thomsoniae, mtu wa Afrika Magharibi, kifuko cheupe na ulimi mwekundu unaochomoza. Kabale, zaidi ya mita 1,800 na usiku wa kuvaa sweta, ndiko mnakoweza kujaribu mawaridi ya kutambaa, pamoja na Pyrostegia venusta ya rangi ya chungwa, ambayo hata kwao Brazili hupenda kuchanua wakati wa baridi na ukavu. Arua, Gulu, na kote ambako kiangazi ni kirefu kuliko subira, bugenvilea kwanza, kisha Antigonon leptopus ya waridi, ambayo jua likizidi inajificha kwenye viazi vyake chini ya ardhi na kurudi na mvua. Ila hiyo nayo ni mtoro, usiipande karibu na msitu au shamba la mtu.

Turudi kwako, kwenye jua. Vitabu vya Ulaya vitakuambia upande mmea ukutani panapotazama kusini. Usivisikilize, sisi jua linapita utosini, nusu ya mwaka limeegemea kaskazini, nusu ya mwaka kusini. Kwetu mashariki na magharibi ndiyo yenye maana. Jua linalokuchoma kwenye baraza ni la saa 9 hadi saa 12 jioni, likiingia kwa ubavu. Kwa hiyo petrea na Combretum zote zipelekwe kwanza kwenye boriti ya magharibi (Combretum ikipitia boriti ya pembeni), zitengeneze pazia hapo, halafu ndipo ziruhusiwe kutambaa juu. Wengi hufanya kinyume, wanafunika juu kwanza, na jioni wanakaa gizani huku jua likiwapiga machoni.

Kuhusu nguzo. Mkaratusi uliotiwa dawa ni sawa kwa mimea 2. Kwa 6, mwaka wa tano ungeniandikia tena. Kagua sehemu zinapoingia ardhini, gonga kwa kisu. Kama ni laini, mchwa wameshapata njia pale dawa haikufika. Mafundi wetu wana tabia ya kupaka oili chafu ya gari kwenye kitako cha nguzo. Kama fundi wako aliipaka, sogeza shimo la mmea mbali zaidi, maana mizizi michanga haipendi oili. Na ukibahatika kufanya marekebisho yoyote, inua kimo kifike futi 8. Vishada vya petrea vinashuka; mgeni asivichane kwa kofia.

Shimo lichimbe futi 2 kwenda chini na futi 2 upana, umbali wa hatua moja fupi kutoka kwenye nguzo. Kwa udongo wa kokoto kama wako usione uvivu hapa. Ukichimba kashimo ka jembe moja, mizizi itazunguka humo humo kama kwenye sufuria, na Januari ikifika maji yameisha. Ukifika kwenye kokoto ngumu, ivunje kwa mtaimbo. Udongo wa juu uweke peke yake, uchanganye na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, karai 2 zinatosha, urudishe. Laza mche kidogo kuelekea nguzo. Panda mvua ya mwisho wa Machi ikishatulia, si ile ya kwanza inayodanganya. Ukikosa Machi, subiri mwanzo wa mvua za pili, ila utakuwa umeupunguzia mche miezi ya kujiandaa kabla ya kiangazi.

Nguzo ni nene kwa petrea kujiviringisha. Nyosha waya wa mabati kutoka chini hadi juu, kiasi cha vidole 3 kutoka kwenye nguzo, mmea upande hapo. Acha shina 1 tu, au 2, lipande moja kwa moja hadi juu. Matawi ya pembeni yapunguze. Likifika boriti, kata ncha yake ndipo lisambae. Kufungia usitumie nailoni wala waya. Shina hunenepa, kamba haifunguki, na siku moja unakuta mmea umejinyonga. Tumia kamba ya mgomba. Inashika msimu mzima, na kufikia wakati shina limenenepa yenyewe imeshaoza na kuanguka. Sijaona duka linalouza kitu bora kuliko hicho.

Kiangazi cha kwanza na cha pili, jerikeni moja ya lita 20 kwa kila mmea, mara 2 kwa wiki, jioni, imwagwe polepole. Maji kidogo kidogo ya kila siku yanaizoeza mizizi kukaa juu, na juu ndiko kunakoungua. Baada ya hapo petrea itajitafutia. Nyasi kavu za kufunika udongo ni nzuri, lakini huwaita mchwa. Ziache kiganja kizima mbali na shina, au tumia mawe, ambayo kwenu hayakosekani. Jivu la jikoni kidogo kuzunguka husaidia, mpaka mvua ilisafishe.

Mbuzi. Hakuna mmea mgumu mbele ya mbuzi. Hata bugenvilea wanaila, miiba na yote, kama wanakula uji. Mwaka wa kwanza zungushia kila mche matawi ya mti wa miiba au wavu wa kuku hadi kimo cha kifua, na usimwamini mbuzi aliyefungwa kamba. Mara shina likishakuwa na gome na majani yakiwa juu ya kichwa, vita imekwisha.

Utaambiwa pia kwamba mimea ya kutambaa inaleta nyoka. Nyoka anafuata panya na mahali pa kujificha. Acha futi 3 za chini za mashina ziwe wazi, bila majani wala takataka, na pagola yako haitakuwa na nyoka zaidi ya nyumba ya jirani. Ndege watajenga, hilo sikuahidi vinginevyo.

Kupogoa ni baada ya maua kuisha, si kabla. Petrea ikimaliza kishada chake cha mwisho, punguza matawi yaliyojisokota juu, toa makavu, basi. Combretum haina huruma ya kuombwa. Ikate kwa nguvu mara moja kwa mwaka, au itaipandia petrea mgongoni. Hiyo ndiyo sababu nimeziweka kimshazari.

Nimalizie kwa mama, nisije nikaharibu nyumba ya watu. Asmini anayoitaka yeye, ile ya vikuba na mashada, yenye vichomozo vinavyochumwa jua likizama vikiwa bado vimefumba, vikafunguka usiku juu ya mto, ni Jasminum sambac. Si mpanda pagola. Ni kichaka cha kujiegemeza, kinachofika kifuani au kupita kidogo, na ukikilazimisha kwenda juu unapata vijiti virefu na maua mahali asipoyafikia. Mpandie kwenye nguzo iliyo karibu na kiti chake, upande unaopata jua la asubuhi, kwenye udongo mlioutajirisha kwa samadi, na huyu mmwagilie hata petrea ikisubiri, maana asmini ana kiu. Kila akimaliza kuchanua, akatwe ncha, kwani maua huja kwenye machipukizi mapya. Na kama mama anapanga kuja na tawi lake kutoka Mombasa, limefungwa kwenye kanga lenye maji, mwambie asijisumbue: mche hauvuki Malaba bila kibali cha afya ya mimea, na wakaguzi wakiliona wanalichukua. Aulize kwa wauza miche wa Jinja au Kampala, tena aende jioni, anuse mwenyewe kabla ya kulipa.